Tido Mhando, Kamera na Ukumbi wa Dodoma

Tarehe 7 Februari 2008, ndani ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma, Edward Lowassa alisimama na kulieleza Bunge kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu uwaziri mkuu. Siku moja kabla, kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikuwa imesoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Tukio hilo wananchi waliliona kwenye runinga likiwa bado linatokea. Aliyekaa Singida na aliyekaa Mtwara walisikia maneno yale yale kwa wakati mmoja na wabunge waliokuwa humo ndani.

Televisheni ya taifa wakati huo ilikuwa mikononi mwa Tido Mhando. Hakuwa amesimama nyuma ya kamera, wala si yeye aliyeanzisha matangazo ya moja kwa moja ya Bunge. Yalikuwapo tangu 2005. Lakini ni vigumu kuandika historia ya runinga nchini bila kumgusa, na ni vigumu zaidi kumgusa bila kuamsha ubishi.

Mhando ni zao la redio. Aliingia Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1969, zama ambazo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1973, na Bara ikangoja hadi 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vikafungua milango. Serikali yenyewe ilikuja na Televisheni ya Taifa, TvT, mwaka 2000. Kwa miaka yote hiyo mtangazaji alijulikana kwa koo lake, na koo la Mhando lilijulikana kwanza viwanjani, akitangaza mpira. Baadaye alihamia Idhaa ya Kiswahili ya BBC huko London na kupanda hadi kuwa mkuu wake.

Rais Jakaya Kikwete alimwita nyumbani mwaka 2006 aongoze chombo cha umma, kile kilichokuja kuitwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Hapa ndipo utata ulipoanza. Mtu aliyezoea chumba cha habari cha BBC, ambako serikali yoyote iliyoko madarakani hunung'unikiwa kama desturi, alikabidhiwa redio na runinga ambazo watawala walizihesabu kuwa mali yao ya ndani.

Mwaka wa uchaguzi, 2010, ulilipima hilo vizuri. TBC iliendesha midahalo ya wagombea ubunge iliyoitwa Mchakato Majimboni. Kamera zilikwenda kwa wapiga kura, mgombea akaulizwa maswali mbele ya watu wake. Chama Cha Mapinduzi kiliwazuia wagombea wake kushiriki midahalo, na viti vyao vikabaki wazi mbele ya kamera. Kiti kitupu kwenye runinga ni jambo baya kwa chama kikubwa kuliko jibu baya.

Hata hivyo, anayemchora Mhando kama shujaa wa upinzani atakuwa amesahau viwanja vya Jangwani. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo, Chadema kilipozindua kampeni zake kwenye viwanja hivyo, TBC ilikata matangazo katikati ya mkutano. Wafuasi wa Chadema waliichukia TBC tangu siku ile. Kwa hiyo ndani ya miezi michache mtu mmoja aliwaudhi walioko Ikulu na wanaoitafuta Ikulu, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake mkononi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, haya mawili hayapingani. Mkurugenzi wa chombo cha serikali hupewa kamba yenye urefu fulani. Mhando aliivuta hadi mwisho, na mara nyingine yenyewe ilimvuta yeye.

Mkataba wake ulipokwisha Desemba 2010, haukuongezwa. Wengi walihusisha uamuzi huo na uchaguzi uliokuwa umemalizika. Kwingineko duniani mambo haya yamefanywa kwa kishindo zaidi: mwaka 2001 nchini Urusi, kituo cha NTV kilichokuwa kikimsumbua Rais Putin kilitwaliwa na kampuni ya gesi ya Gazprom, na watangazaji wake wengi maarufu wakaondoka. Dar es Salaam ilitosha tarehe ya mkataba.

Alikwenda kuongoza Mwananchi Communications, kisha Azam Media, ambako alirudi pia mbele ya kamera na kipindi cha mahojiano cha Funguka. Huko ndiko kesi ilikomkuta. Januari 2018 alipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya kutumia vibaya madaraka na kuisababishia TBC hasara ya zaidi ya shilingi milioni 887. Chanzo kilikuwa mikataba ya mwaka 2008 na kampuni ya kigeni kuhusu utangazaji wa dijitali, teknolojia iliyokuja kuwafikia wakazi wa Dodoma mwanzoni mwa 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa na kila nyumba yenye runinga ikalazimika kununua king'amuzi. Januari 2019 mahakama ilimwachia huru.

Wakati huo ukumbi wa Dodoma ulikwishafungwa kwa watazamaji. Tarehe 27 Januari 2016, Waziri wa Habari Nape Nnauye aliliambia Bunge kuwa TBC haitarusha tena vikao vyake moja kwa moja. Sababu zilikuwa gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba vikao hufanyika saa za kazi. Wananchi wangepata muhtasari usiku, katika kipindi cha Leo katika Bunge. Wabunge wa upinzani waligoma kukaa, na polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. (Nape mwenyewe alipoteza uwaziri Machi 2017, siku chache baada ya kuunda kamati kuchunguza uvamizi wa kituo cha utangazaji cha Clouds. Alirudi wizarani 2022.)

Ni Nape huyo aliyemteua Mhando mwaka 2023 kuongoza kamati ya kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari. Mwaka uliofuata, mtangazaji aliyepitia Kisutu akawa mwenyekiti wa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, chombo chenye mamlaka ya kuamua nani apewe kitambulisho cha kufanya kazi hiyo na nani anyimwe. Waandishi wanaoidaia kazi yao uhuru zaidi wameipinga bodi hiyo tangu ilipokuwa maandishi tu. Wengine wanaona afadhali iongozwe na mtu wa fani. Sheria iliyoizaa, ya Huduma za Vyombo vya Habari, ilipitishwa na Bunge huko Dodoma Novemba 2016, na mjadala wake TBC haikuurusha moja kwa moja.