Fahamu Kaa wa Maji Baridi na Taratibu za Kumfuga

Na Mwandishi Wetu

Uwanda wa Juu wa Makonde, ilipo Newala, una udongo wa kichanga unaopitisha maji ya mvua kwa haraka kwenda chini. Mito ya kudumu ni haba juu ya uwanda. Maji hujitokeza katika chemchemi za mabondeni na miteremkoni, na kuelekea mito ya Ruvuma, kusini, na Lukuledi, kaskazini. Kwa hali hiyo, kiumbe yeyote anayeishi majini huko hutegemea vyanzo vichache ambavyo wananchi wa Newala na Masasi nao wanavitegemea.

Mmoja wa viumbe wa vyanzo vya namna hiyo ni kaa wa maji baridi. Duniani zipo zaidi ya spishi 1,300 za kaa hao, na wengi wa Afrika Mashariki ni wa jenasi ya Potamonautes. Ziwa Tanganyika lina jenasi yake, Platythelphusa, isiyopatikana kwingineko. Katika Milima ya Usambara Mashariki yupo Potamonautes raybouldi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2004, ambaye huishi katika maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti.

Uzazi wake

Kaa wa baharini hutaga mayai mengi mno, na viluwiluwi vyake husambazwa na mikondo ya maji. Kaa wa maji baridi hutaga mayai machache makubwa, ambayo jike huyabeba chini ya tumbo. Watoto huanguliwa wakiwa kaa kamili na huendelea kubebwa na mama kwa muda. Kwa hiyo, kumvua jike mwenye watoto ni kuondoa kizazi kizima, na kijito kilichotenganishwa na vingine kwa nchi kavu huweza kukaa miaka mingi bila kupata kaa wapya.

Kaa hula majani yaliyooza, wadudu na mizoga, hivyo husaidia kusafisha maji. Yeye mwenyewe ni chakula cha fisi maji, ndege na samaki. Anayemla binadamu ampike hadi aive, kwa kuwa kaa mbichi anaweza kuwa na minyoo ya mapafu.

Anayetaka kumfuga

Tangi la kioo liwe na maji, sehemu kavu, mawe ya kujificha na mfuniko imara. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa saa 24 kabla ya kutumika. Dawa zenye shaba zisitumike, kwani humuua. Akijivua gamba asisumbuliwe, wala gamba hilo lisiondolewe. Hulila ili kurejesha madini ya chokaa. Kaa wakubwa wasichanganywe, kwa sababu hushambuliana.

Sheria na wajibu

Uvuvi na biashara ya viumbe wa majini husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Mwenye nia ya kuvua kwa ajili ya biashara aanzie kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yake ili apate leseni. Uvuvi wa sumu, ikiwemo utupa, ni kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

Mfugaji aliyechoka asimwachie kaa mgeni mtoni. Kamba wekundu wa Marekani waliopandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970 walienea na kubadili mazingira ya ziwa hilo. Katika maeneo yenye vyanzo vichache, kosa la namna hiyo ni gumu kurekebisha.