Uwindaji wa kanga katika nyanda za juu za Kigoma

Uwindaji wa kanga ni uwindaji wa ndege wa porini unaofanyika kwenye misitu ya miombo na mashamba yaliyokwisha kuvunwa katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, vikiwemo vijiji vya kata ya Kitahana. Kanga, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Numida meleagris, ni ndege wa kilo moja na ushee, mwenye manyoya ya kijivu yaliyotapakaa madoa meupe, ngozi ya buluu kichwani na pembe fupi ya mfupa utosini. Makala hii inaeleza jinsi msimu wa kumwinda unavyopaswa kuandaliwa, na inatetea hoja moja: msimu huwekwa na uzazi wa ndege. Leseni, bunduki na siku ya kuingia porini ni mambo ya kupangwa baada ya kujua ndege anataga lini, analea lini na ameongezeka kiasi gani. Mwindaji anayeanza na bunduki anakula akiba ya mwaka unaofuata.

Uzito wa hoja hiyo huonekana kanga akilinganishwa na bata mzinga wa mwituni wa Amerika Kaskazini. Huyo huwindwa katika majira ya kuchipua, hasa Aprili na Mei, wakati ule ule anapopandana, na bado idadi yake imepanda sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa amebaki kwa uchache katika sehemu nyingi za Marekani. Sababu iko katika maisha yake. Dume mmoja hupanda majike wengi, kisha hana kazi tena: jike hutaga, huatamia kwa takriban siku 28 na kulea peke yake. Zaidi ya hayo, dume hujitangaza kwa mlio mkubwa alfajiri, hutanua mkia, na ana shada la manyoya yanayofanana na nywele kifuani, hivyo mwindaji humtambua kabla ya kufyatua. Kuondoa baadhi ya madume, mradi majike wamekwisha kupandwa, hakupunguzi sana vifaranga. Hata hivyo, idadi ilipoanza kushuka katika majimbo ya kusini, baadhi yake, yakiwemo Alabama na Tennessee, yalisogeza mbele siku ya kufungua msimu, kwa hofu kwamba madume wenye nguvu walikuwa wakiuawa kabla ya kumaliza kazi yao. Kwa hiyo hata kwa ndege anayevumilia kuwindwa wakati wa kupandana, tarehe hupimwa kwa uzazi.

Kanga ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Mvua za kwanza zinapoanguka Kibondo na Kasulu, mwezi Oktoba au Novemba, makundi makubwa ya kiangazi huvunjika na ndege kwenda wawili wawili. Dume humfuata jike hatua kwa hatua na kumlinda wakati akila, ili apate nguvu ya kutaga. Jike hutaga mayai 6 hadi 12, pengine zaidi, katika shimo dogo lililofichwa kwenye majani, na huyaatamia takriban wiki 4. Vifaranga wakishatotolewa, dume hushiriki kuwalea, hasa siku za mwanzo ambapo jike amekonda kwa kuatamia. Chakula chao ni wadudu, wanaojaa porini wakati wa mvua: mchwa, panzi na kumbikumbi. Anayemuua dume mwezi Desemba amewanyima vifaranga mlinzi, na anayemuua jike amepoteza kiota kizima. Wala hawezi kuchagua kwa macho, kwa kuwa dume na jike hufanana mno. Alama iliyo wazi zaidi ni sauti: jike hutoa mlio wa sehemu mbili, wa pili ukipanda juu, ambao dume hautoi. Lakini ndege aliyeshtuka hukimbia bila kutoa mlio huo, na mwindaji hubaki akikisia.

Kutokana na hayo, msimu unaofaa katika nyanda hizi ni wa kiangazi, kuanzia Juni au Julai hadi Septemba. Wakati huo vifaranga wa masika wamekwisha kukua, familia zimeungana kuwa makundi, na nyasi zimepungua kiasi cha mwindaji kuona anachokilenga. Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania nao kwa miaka mingi umekuwa ukifunguliwa mwezi Julai. Mwisho wa kiangazi, hata hivyo, una hatari yake. Maji yanapobaki kwenye madimbwi machache, makundi yote ya eneo hulazimika kufika hapo, na mtu mmoja aliyejificha kando ya dimbwi anaweza kumaliza ndege wa kijiji kizima kwa siku chache. Kuacha maji yawe mahali pa amani ni sehemu ya maandalizi sawa na kununua risasi.

Maandalizi yenyewe huanza mwishoni mwa mvua, Aprili na Mei, kwa kuhesabu. Kanga hulala juu ya miti, hushuka kunapokucha na mara nyingi hufuatana mstari mmoja kwenda malishoni. Hapo ndipo wanapohesabika. Kitu cha kutafuta ni uwiano wa wachanga kwa wakubwa: mchanga ana pembe ndogo ya utosini, na ngozi ya kichwa chake haijakolea buluu. Kundi lenye wachanga wengi linaonyesha kwamba mvua zilikuwa nzuri na viota vilisalimika. Kundi la wakubwa watupu ni onyo kwamba mwaka huo si wa kuvuna. Alama za ardhini husaidia pia, kama vile vishimo vya vumbi wanamogaagaa mchana, manyoya yaliyodondoka na kinyesi chini ya mti wa kulala. Hesabu ya namna hii haihitaji chombo cha gharama, na mgawo wowote unaotolewa bila hesabu hiyo ni wa kubahatisha.

Baada ya hesabu hufuata sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni, na inakataza pia njia kama sumu, nyavu, mashimo na moto. Bunduki nayo humilikiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo gobore lisiloandikishwa ni kosa hata kama mwenye nalo ana leseni ya ndege. Upande wa mashariki wa Kibondo liko Pori la Akiba la Moyowosi, ndani ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi yenye hekta 3,250,000, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2000. Huko mtu haingii kuwinda bila kibali, na anayekaa jirani lazima ajue mpaka unapita wapi. Silaha inayofaa ni bunduki ya marisau, na kabla ya msimu hupimwa kwa kufyatua kwenye karatasi kubwa umbali wa hatua 30. Marisau yakitawanyika hadi kuacha nafasi ya kichwa na shingo, umbali huo ni mrefu mno kwa bunduki hiyo. Kufyatua katikati ya kundi kwa tamaa ya kuangusha wengi huwaacha majeruhi wakifia vichakani bila faida kwa yeyote.

Hoja hii ina wapinzani, na wanastahili kujibiwa. Mkulima husema kanga humharibia, na ni kweli: hufukua mbegu za mahindi na karanga zikiwa bado hazijaota, wakati huo huo wa Oktoba na Novemba ambao makala hii inautetea ufungwe. Lakini hasara hiyo ni ya siku chache kati ya kupanda na kuota, na dawa yake inajulikana, nayo ni kuamia shamba asubuhi na jioni. Baada ya hapo kanga hula wadudu na mbegu za magugu katika shamba lile lile. Tena kuwavuna kiangazi hupunguza kundi kabla ya kupanda, jambo linalomsaidia mkulima kuliko kuwaua wakiwa tayari wamefika shambani.

Wengine husema wazee waliwinda bila tarehe na ndege hawakuisha. Hali imebadilika. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta mkoa wa Kigoma una watu wasiofika nusu milioni. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 2.5. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na uhamisho mwingine wa watu viliacha mapori mapana yakiwa matupu kwa muda, na ndege walistawi humo. Mengi ya mapori hayo leo ni mashamba au malisho, au yamekatwa kwa ajili ya mkaa. Kwamba kanga hayuko hatarini duniani hakumsaidii mtu wa Kitahana ambaye msitu ulio jirani naye umenyamaza.

Pingamizi zito zaidi ni la maskini. Leseni na bunduki ni vya mwenye fedha. Asiye nacho ana tanzi na manati. Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi kwa miongo, kambi ya Nyarugusu ikiwa imefunguliwa mwaka 1996, na uchunguzi uliotolewa na shirika la TRAFFIC mwanzoni mwa mwaka 2008 ulionyesha jinsi ukosefu wa nyama katika mgao wa chakula kambini ulivyochochea biashara ya nyamapori, iliyoitwa mchicha wa usiku. Njaa ya kitoweo haiondolewi kwa kuongeza askari. Lakini tanzi la Novemba halimlishi maskini kwa muda mrefu, kwa sababu jozi moja iliyoachwa hadi Julai inaweza kuwa kundi, na nyama ya kundi ni nyingi kuliko ya ndege wawili. Haki kwa maskini ni leseni ya ndege yenye bei anayoimudu, itolewayo wilayani kwa mgawo unaotokana na hesabu ya kijiji, pamoja na kuhimizwa kufuga kanga wa nyumbani, ambao mayai yao huatamiwa vizuri na kuku. Kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu mabucha ya nyamapori zilionyesha kwamba serikali inaweza kufungua mlango halali. Mlango wa ndege wadogo kijijini unahitaji kufunguliwa kwa moyo huo huo, na uwe na tarehe zinazofuata uzazi wa kanga.