Michoro ya Miambani ya Kondoa
Sanaa ya kabla ya historia ni kazi za binadamu zilizotangulia maandishi: michoro na michongo ya miambani, sanamu ndogo na mapambo ya mwili.

Nchini Tanzania, mfano mashuhuri ni michoro ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ile ya rangi nyekundu, yenye watu wembamba na wanyamapori, huhusishwa na wawindaji. Ya rangi nyeupe, iliyofuata baadaye, huhusishwa na wakulima na wafugaji.

Baadhi ya mapango, likiwemo Mungomi wa Kolo, yangali mahali pa matambiko. Mvua, jua na wachimbaji wa hazina huyahatarisha. Mchoro ukifutika, hakuna maandishi ya kushika nafasi yake.