Fremu Zilizofutwa: Kisaka-Hitilafu Kipimwe kwa Ukimya Wake

Mji wa Kabambare ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mnamo Januari 1894. Miezi michache baadaye, mjini Kasongo, watu wawili walikiri mbele ya Dorsey Mohun, wakala wa biashara wa Marekani, kwamba ndio waliomuua mvumbuzi Emin Pasha mwezi Oktoba 1892. Wakanyongwa. Lakini amri ilitoka kwa chifu Kibonge, ambaye hakuwapo mauaji yalipofanyika. Bila maungamo, maiti peke yake isingemtaja.

Programu za kompyuta nazo hupoteza watoa amri. Kwa kawaida fanksheni A ikiiita B, anwani ya kurudia huwekwa kwenye rundo, na kisaka-hitilafu husoma rundo hilo kujua nani alimwita nani. Ila tendo la mwisho la B likiwa ni kuiita C, kompaila huona hakuna la kurudia kwa B: huifuta fremu yake, yaani sehemu yake kwenye rundo, na kurukia C moja kwa moja. Guy Steele aliutetea mtindo huu wa mwito wa mkiani mwaka 1977, na hoja yake ilikuwa na nguvu, kwani kumbukumbu huokolewa. Hasara huonekana programu inapokwama ndani ya C. Rundo huonyesha C na A, B hayupo.

Tangu mwaka 2017 kanuni za DWARF 5, muundo wa habari ambazo kompaila humwachia kisaka-hitilafu, zinaipa kompaila namna sanifu ya kuandika kila mahali pa mwito, hata ule wa mkiani. Visaka-hitilafu GDB na LLDB huzitumia kumbukumbu hizo kuirudisha B, na LLDB huiwekea fremu hiyo alama kwamba ni ya kubuni.

Hapo ndipo majaribio ya kiotomatiki yanapohitajika. Yale ya LLDB ni programu fupi za C++ zilizokompailiwa kwa uboreshaji. Husimamishwa ndani ya fanksheni ya mwisho, kisha orodha ya fremu hulinganishwa na ile iliyotarajiwa. Njia ikiwa moja, kazi ni nyepesi. Yenye thamani zaidi ni majaribio ambamo njia mbili zinafika mahali pamoja: humo alama ya kubuni haitakiwi kuonekana hata mara moja. Kifaa kinadaiwa kinyamaze.

GDB ina ukarimu zaidi. Kama njia ni main, a, b, c, d, f au main, a, b, e, f, huonyesha a tu kati ya main na f, na kuziacha c, d na e, hata b, kwa kuwa mahali pa mwito ndani yake panatofautiana kati ya njia hizo. Msomaji mwenye haraka (na usiku wa manane nani hana haraka?) ataamini kwamba a ndiyo iliyoiita f. Kwa sababu hiyo msimamo wa LLDB ni bora, ingawa unatoa habari kidogo: mtu wa kubuni akitiwa katika orodha ya washukiwa, uchunguzi mzima hupotoka.

Anayeandika jaribio la aina hii basi aanze na programu yenye njia mbili, ndipo aje kwenye ile yenye njia moja.