Historia ya Neno "Intoxication" na Tafsiri Yake katika Sheria

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtaabisha mfasiri ni "intoxication". Jibu jepesi lililozoeleka ni "ulevi". Jibu hilo latosha barazani, lakini mahakamani halitoshi. Na tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, jambo hili si la wanaisimu peke yao. Yafaa basi tutazame neno lenyewe lilikotoka.

Chimbuko lake si pombe bali upinde. Wayunani wa kale waliuita upinde "toxon", na sumu ya kupaka mishale wakaiita "toxikon". Kilatini kikalichukua neno hilo kwa maana ya sumu yoyote, na katika zama za kati pakazuka kitenzi chenye maana ya kutia sumu. Kiingereza kilikipokea kitenzi hicho katika karne ya 15 kwa maana iyo hiyo. Ni mpaka kuelekea mwisho wa karne ya 16 ndipo kilipoanza kumhusu mtu aliyelewa. Maana hii ya pili ilistawi hata ikaifunika ya kwanza, ila matabibu hawakuiacha ile ya kale: hulitumia neno hilo hata kwa mtu aliyeingiwa na madini ya risasi mwilini. Mfasiri atakayeandika kwamba fundi wa namna hiyo ana ulevi atakuwa amemsingizia mtu ambaye pengine hajapata kuonja tone.

Kwa upande wetu, kitenzi "lewa" kina ukoo mkubwa: levya, levywa, levuka, lewalewa. "Mlevi" na "ulevi" ni wa ukoo huo, lakini huelekea zaidi kwenye mazoea. Ni kweli kwamba mitaani hata aliyelewa siku moja arusini huweza kuitwa mlevi; lakini hilo ni tusi au utani, wala si maelezo ya kutegemewa na hakimu.

Sasa tuitazame Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa kwa Kiingereza mwaka 1930, wakati wa utawala wa Waingereza Tanganyika. Kifungu cha 14 chasema kwamba "intoxication" si utetezi, isipokuwa katika hali chache. Mojawapo ni pale mshtakiwa alipokuwa hajui atendalo, au hajui kuwa ni kosa, kwa sababu mtu mwingine alimtia katika hali hiyo bila ridhaa yake, kwa nia mbaya au kwa uzembe. Kifungu hicho chaongeza kwamba neno hilo lahusu pia hali iletwayo na dawa za kulevya. Kenya inacho kifungu cha namna hiyo, cha 13.

Tukiweka "ulevi" hapo, twapata kichekesho kichungu: ulevi wa mtu aliyetiliwa kitu katika chai yake! Tafsiri yamhukumu kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa. Kumbe lugha yetu inayo kauli iliyo wazi kuliko hata Kiingereza chenyewe. Aliyekunywa kwa hiari amelewa. Aliyefanyiwa na mwenziwe amelevywa. Na kwa kuwa dawa nazo twaziita za kulevya, nyongeza ile haitudai neno jipya.

Kwa hiyo twapendekeza "hali ya kulewa" kwa jumla, "kulevywa" pale pasipo ridhaa, na "ulevi" uachiwe mazoea. Katika utabibu iandikwe "kudhurika kwa sumu", na sumu itajwe.

Limebaki neno moja la jirani. Waingereza humwondolea mnywaji pombe kwa "detoxification", ambalo kwa asili ni kuondoa sumu. Ile sumu ya mishale yarejea hapa. Wako wanaotaka kulifasiri "kulevuka". Hatukubaliani nao. Mtu hulevuka mwenyewe, akilala usingizi. Kuondolewa sumu ni kazi ya mganga, nayo yaweza kuchukua siku kadhaa.