Usiku wa Karatasi Isiyosomwa: Sehemu ya Kwanza

Msomaji wangu, kaa vizuri. Kama una chai, ivute karibu, maana leo sikuachii upumue.

Tuko Berlin. Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1989, saa 12 jioni. Ukumbi umejaa waandishi wa habari wa kila taifa, na televisheni ya Ujerumani Mashariki inarusha mkutano moja kwa moja.

Mezani ameketi Günter Schabowski, mkuu wa chama tawala jijini Berlin. Anaongea. Anaendelea kuongea. Waandishi wanapigana na usingizi.

Wangejua kilichomo kwenye makabrasha yake, nani angesinzia?

Mle ndani kuna karatasi aliyokabidhiwa na bosi wake, Egon Krenz, muda mfupi kabla ya mkutano. Schabowski hakuwamo kikaoni ilipojadiliwa. Na kwenye gari, akielekea ukumbini, hakuisoma.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Hakuisoma!

Sasa subiri kidogo, kwanza nikueleze ukubwa wa balaa hili.

Ujerumani ilikuwa vipande viwili. Magharibi ya mabepari, Mashariki ya wakomunisti. Mashariki ndiyo ile iliyosaidia kujenga ghorofa za Kikwajuni na Michenzani kule Unguja, kwa hiyo si nchi ngeni kwetu kiasi hicho. Tatizo lake lilikuwa moja: raia walikuwa wanaikimbia. Hadi mwaka 1961 walikuwa wameshaondoka zaidi ya milioni mbili na nusu.

Agosti 13 mwaka huo, Jumapili, wakazi wa Berlin waliamka wakakuta waya wa miiba umekatiza mitaa. Waya ukawa ukuta.

Na ukuta huo ulikula watu. Waliopoteza maisha pale Berlin ni 140 kwa uchache. Februari ya mwaka huohuo wa 1989, kijana wa miaka 20, Chris Gueffroy, alijaribu kuvuka akapigwa risasi akafa.

Februari! Na sisi tuko Novemba. Miezi tisa tu.

Kwa hiyo mtu wa Berlin Mashariki anapousogelea ukuta usiku, anajua anachezea nini. Hilo uliweke akilini, tutalihitaji.

Turudi ukumbini. Saa 12:53. Mwandishi wa Kiitalia, Riccardo Ehrman, anauliza kuhusu sheria mpya ya safari.

Swali lenyewe la kawaida. Schabowski anazungukazunguka, kisha anakumbuka: aa, kumbe kuna ile karatasi! Anapekua makabrasha. Haioni. Anapekua tena. Anaipata, anavaa miwani, anaanza kuisoma kwa mara ya kwanza mbele ya dunia nzima.

Raia wanaweza kuomba safari za nje bila masharti ya zamani. Vibali vitatolewa haraka. Vituo vyote vya mpakani vinaweza kutumika.

Usingizi ukakatika ukumbi mzima.

"Kuanzia lini?" sauti ikauliza.

Msomaji, hapa nakuomba usipepese macho.

Jibu sahihi lilikuwepo. Habari ile ilikuwa imefungiwa hadi saa 10 alfajiri ya kesho yake. Raia walitakiwa waende ofisini, wajaze fomu, wapange foleni, wasubiri kibali. Walinzi wa mpakani walitakiwa wapewe maelekezo usiku huo. Mpango ulikuwa mzuri kabisa, kwenye makaratasi.

Schabowski akakunja uso. Akaipitisha karatasi machoni. Akajibu kwamba kwa anavyojua, ni sasa hivi. Bila kuchelewa.

Saa 1:01 usiku mkutano ukafungwa. Yeye akainuka, akaenda zake.

Ukinambia alikuwa na mpango wa siri, nitacheka. Wapo wanaopenda kuamini kwamba mambo makubwa ya dunia hupangwa na watu wenye akili nyingi waliojifungia vyumbani. Usiku ule akili hiyo mimi siioni.

Mashirika ya habari yakaitawanya. Ilipofika saa 2, televisheni ya Ujerumani Magharibi ikaifanya ndiyo habari kuu. Na hao wa Mashariki? Walikuwa wakitazama televisheni ya Magharibi kila jioni sebuleni kwao.

Watu wakatazamana. Ni kweli? Au ni mtego? Si ni juzijuzi tu mtu kapigwa risasi?

Kwani kuna njia gani ya kujua zaidi ya kwenda kuona? Wakavaa makoti.

Sasa twende mtaa wa Bornholmer Straße, kaskazini ya jiji, kwenye kituo cha mpakani kilicho mbele ya daraja la chuma. Mkubwa wa zamu usiku ule ni Harald Jäger, luteni kanali wa usalama wa taifa, ile idara iliyoogopwa kwa jina la Stasi. Kituo hicho amekitumikia miaka 25. Mtiifu, mnyoofu, hana makuu.

Schabowski alipokuwa akitamka maneno yale, Jäger alikuwa kantini anakula chakula cha jioni, televisheni ikiwa mbele yake. Tonge likamkwama. Upuuzi gani huu?

Akakimbilia simu, akampigia mkubwa wake, Kanali Ziegenhorn. Kuna amri mpya? Hakuna. Wakija watu je? Warudishe.

Wakaja. Kwanza wachache, wanachungulia kwa mbali. Kisha makumi. Kisha mamia, na magari ya Trabant yakiwa yameziba barabara hadi mitaa ya nyuma. Polisi wakawatangazia kwa kipaza sauti kwamba waende ofisi za vibali.

Ofisi? Usiku ule? Zilikuwa zimefungwa!

Jäger akapiga simu tena. Na tena. Juu hakuna mwenye amri. Hebu fikiria: serikali inayojua hadi unachomnong'oneza mkeo, leo haina hata mtu mmoja wa kumwambia mlinzi wa geti afanye nini.

Katika simu mojawapo, Ziegenhorn alimuunganisha kimyakimya na wakubwa zaidi, asikilize bila kusema neno. Akasikia sauti ikiuliza: huyo Jäger anaijua kweli hali ilivyo, au ni mwoga tu?

Miaka 25 ya utumishi, kisha unaitwa mwoga usiku ambao maelfu ya watu wamekusimamia getini na wewe una watu wachache wenye bastola kiunoni. Ungekuwa wewe, ungejisikiaje?

Ilipokaribia saa 3 na nusu, ikashuka hila badala ya amri. Wale wanaopiga kelele zaidi waruhusiwe, mmojammoja. Lakini wagongewe mhuri juu ya picha ya kitambulisho. Maana yake? Safari ya kwenda tu. Uraia wao umekwisha hapohapo, na wasiambiwe!

Wakavuka wakishangilia, hawajui kilichowapata. Waliobaki nyuma walipoona hivyo, wakajifunza haraka: kumbe dawa ni kelele. "Fungueni! Fungueni!" Daraja zima likavuma.

Na hapo ndipo balaa lilipotokea upande ambao Jäger hakuutazamia. Mgongoni kwake.

Mume na mke, vijana, walikuwa wamevuka, wakaiona Berlin Magharibi kwa macho yao, wakaridhika. Sasa wanarudi nyumbani. Mlinzi akachukua vitambulisho, akaona mhuri juu ya picha.

"Hamuingii."

"Hatuingii vipi? Watoto wetu wamelala nyumbani!"

Mama akaanza kulia. Mlinzi akamwita mkubwa wa zamu.

Jäger akaja. Amri anaijua: aliyegongwa mhuri harudi. Mbele yake mama anayelilia wanawe, nyuma yake maelfu wanaosukuma kizuizi, na kwenye simu kuna watu waliomwita mwoga. Akivunja amri hii moja, nyingine atazishikia wapi?

Akawatazama wale vijana. Akafungua mdomo.

Akasema nini?

Na usinikimbilie na jibu kwamba ukuta ulianguka, hilo hata mtoto wa shule analijua. Nakuuliza: nani alitoa amri? Jibu ninalo, na nakuapia si Krenz wala jenerali yeyote. Tukutane Jumamosi ijayo, na usikubali mtu akusimulie kabla yangu.

ITAENDELEA