Machi 1963: Mchezo wa Kikapu Ulioitoa Mississippi Nje ya Ukuta wa Ubaguzi

Kila ifikapo mwezi wa Machi, mamilioni ya watu nchini Marekani hufuatilia mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu, yanayosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Siku hizi hushiriki timu 68, na timu ikishindwa mara moja hufunga virago. Utamu wa mashindano hayo huja katika hatua za mwisho, zinapobaki timu 16, kisha nane, kisha nne. Hapo ndipo hukutanishwa vijana ambao, kwa hali ya kawaida, wasingekutana kabisa.

Mwaka 1963, timu zilizoshiriki zilikuwa 25 tu. Hata hivyo, ni katika mashindano hayo ndipo jimbo zima la Mississippi lilipotiwa katika mtihani, na swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: je, vijana wa Kizungu wa jimbo hilo waruhusiwe kucheza na timu yenye wachezaji weusi?

Chuo Kikuu cha Mississippi State, kilichoko karibu na mji wa Starkville, kilikuwa na timu ya kuogopwa. Chini ya kocha Babe McCarthy, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwaka 1959, kisha 1961, na mwaka 1962 ikagawana ubingwa huo na Kentucky. Kwa kawaida, bingwa wa ligi hukata tiketi ya mashindano ya taifa. Lakini mara zote tatu, Mississippi State walibaki nyumbani.

Sababu haikuwa ukosefu wa fedha wala majeruhi. Palikuwa na mwiko usioandikwa katika kitabu chochote cha sheria, lakini uliojulikana na kila mwanasiasa wa Mississippi, kwamba timu za vyuo vya serikali ya jimbo hazichezi na timu zenye watu weusi. Katika ligi yao, mwiko huo haukuwa na gharama yoyote, kwa kuwa wakati huo vyuo vyote vya ligi hiyo vilichezesha Wazungu watupu. Ratiba ya ligi ilipangwa na watu waliokubaliana, na kila mmoja alimjua mpinzani wake.

Mashindano ya mtoano hayana simile hiyo. Anayefuata ni yule aliyeshinda upande wa pili, awe nani. Kumkwepa ni kujitoa.

Aliyeumia zaidi na utaratibu huo upande wa Wazungu alikuwa Bailey Howell, nyota wa timu ya mwaka 1959, iliyoshinda michezo 24 na kushindwa mmoja tu. Alimaliza chuo bila kugusa mpira katika mashindano ya taifa. Miaka michache baadaye Howell alijiunga na Boston Celtics na kutwaa ubingwa wa kulipwa mwaka 1968 na 1969. Kocha wake huko, aliyekuwa pia mchezaji mwenzake, alikuwa Bill Russell, Mmarekani mweusi.

Mapema mwaka 1963, Mississippi State walitwaa ubingwa kwa mara nyingine. Wakati huo hali ya jimbo ilikuwa tete. Usiku wa Septemba 30, 1962, ghasia kubwa zilizuka katika Chuo Kikuu cha Mississippi mjini Oxford, kupinga kusajiliwa kwa James Meredith, mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo. Watu wawili waliuawa, na serikali kuu ikalazimika kupeleka wanajeshi. Gavana wa jimbo, Ross Barnett, ndiye aliyekuwa kinara wa upinzani huo.

Katika mazingira hayo, mkuu wa chuo cha Mississippi State, Dean Colvard, alitangaza mwanzoni mwa Machi kwamba timu yake itakwenda mashindanoni, isipokuwa azuiwe na mamlaka yenye uwezo wa kufanya hivyo. Wanafunzi wengi walimuunga mkono. Gavana Barnett alipinga. Bodi inayosimamia vyuo vya jimbo ilikutana Machi 9, na kwa kura nane dhidi ya tatu ikakataa kumzuia Colvard.

Wapinzani hawakukata tamaa. Machi 13, mwanasiasa mmoja aliyekuwa seneta wa jimbo na mwenzake aliyekuwa amemaliza muda wake walipata amri ya mahakama ya kuizuia timu kuvuka mpaka. Lakini amri ya namna hiyo ni lazima ikabidhiwe mkononi mwa mhusika. Maafisa wa usalama walipoingia Starkville kuipeleka, Colvard alikuwa amekwenda zake Alabama, na kocha McCarthy alikuwa njiani kuelekea Tennessee. Asubuhi ya Machi 14, wachezaji walipanda ndege pamoja na kocha msaidizi, wakampitia McCarthy mjini Nashville, kisha wakaelekea kaskazini. Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya Mississippi naye akaisimamisha amri ile.

Mpinzani aliyekuwa akiwasubiri ni Loyola, chuo cha Kikatoliki cha Chicago. Katika mchezo wake wa kwanza, Loyola iliifunga Tennessee Tech kwa pointi 111 dhidi ya 42. Hakuna timu yenye wastani wa pointi nyingi kuliko Loyola nchini kote mwaka ule. Lakini si pointi zake tu zilizozungumzwa. Makocha wengi wa zama hizo, hata wale waliokuwa na wachezaji weusi, walikuwa na desturi ya kutowaingiza uwanjani wengi kwa wakati mmoja. Kocha wa Loyola, George Ireland, aliivunja desturi hiyo. Wachezaji wake wanne kati ya watano wa kuanza walikuwa weusi: nahodha Jerry Harkness na Ron Miller kutoka New York, pamoja na Les Hunter na Vic Rouse, waliosoma shule moja ya Wamarekani weusi mjini Nashville, iitwayo Pearl. Wa tano alikuwa John Egan, Mzungu, mwenyeji wa Chicago.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Harkness alisimulia baadaye kwamba kabla ya mchezo ule alipokea barua za vitisho kutoka kwa kundi la Ku Klux Klan, zilizotumwa hadi bwenini kwake.

Timu hizo zilikutana Machi 15, 1963, mjini East Lansing, jimbo la Michigan, katika hatua ya timu 16. Kabla ya mpira kurushwa, nahodha wa Mississippi State, Joe Dan Gold, alimwendea Harkness katikati ya uwanja na kumpa mkono. Taa za kamera zikamulika kutoka kila upande. Harkness alisema miaka mingi baadaye kwamba ni wakati ule, alipoona miale ile, ndipo alipotambua kuwa huu haukuwa mchezo wa kawaida.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kistaarabu. Mississippi State walianza kwa kasi wakaongoza 7 kwa 0. Loyola wakatulia, wakawapita, na mwishowe wakashinda kwa 61 dhidi ya 51. Wahenga wa michezo husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Vijana wa Mississippi walikubali kushindwa. Lakini kwao, jambo gumu zaidi lilikuwa kuruhusiwa kushindana.

Loyola wakasonga mbele. Waliifunga Illinois 79 kwa 64, wakaingia nusu fainali mjini Louisville, Kentucky, na huko wakaiangusha Duke ya nyota Art Heyman, 94 kwa 75.

Fainali ilichezwa Machi 23, dhidi ya Cincinnati, waliokuwa mabingwa wa mwaka 1961 na 1962 na waliotaka kuwa timu ya kwanza kutwaa kombe mara tatu mfululizo. Ilikuwa ni timu hodari kuliko zote kwa kufunga dhidi ya timu hodari kuliko zote kwa kuzuia. Cincinnati nao walianza na wachezaji watatu weusi, hivyo kati ya vijana kumi waliokuwa uwanjani, saba walikuwa weusi.

Ukuta wa Cincinnati ulifanya kazi. Zikiwa zimesalia dakika 12 hivi, walikuwa mbele kwa pointi 15, yaani 45 kwa 30. Kocha Ireland hakubadilisha mchezaji hata mmoja. Wale watano walianza kuwakaba wapinzani uwanja mzima, wakanyang'anya mipira na kuisogelea timu ile pointi baada ya pointi. Zikiwa zimebaki sekunde 12, mchezaji wa Cincinnati alipata mitupo miwili ya adhabu, akafunga mmoja na kukosa wa pili. Loyola wakaudaka mpira, ukamfikia Harkness, naye akasawazisha zikiwa zimesalia sekunde chache. Ikawa 54 kwa 54.

Katika muda wa nyongeza, timu zilifikia 58 kwa 58. Loyola wakaushikilia mpira ili wapate mtupo wa mwisho. Hunter alitupa, mpira ukagonga chuma na kurudi, na hapo Vic Rouse akaruka, akaudaka na kuurudisha kikapuni. Loyola 60, Cincinnati 58. Vijana watano walikuwa wamecheza dakika zote 45 bila kupumzishwa.

Haifai kudai kwamba mchezo mmoja uliubomoa ubaguzi. Haikutimia miezi mitatu, Juni 12, 1963, mwanaharakati Medgar Evers aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Jackson, makao makuu ya Mississippi. Mwanafunzi wa kwanza mweusi wa Mississippi State, Richard Holmes, alisajiliwa mwaka 1965. Ligi ya kusini-mashariki nayo ilimpata mchezaji wake wa kwanza mweusi wa kikapu katika timu ya kwanza ya chuo mwaka 1967, alipoanza kuichezea Vanderbilt kijana Perry Wallace, aliyetoka shule ileile ya Pearl iliyowatoa Hunter na Rouse.

Watu wengi hukumbuka zaidi fainali ya mwaka 1966, pale Texas Western, ikianza na wachezaji watano weusi, ilipoishinda Kentucky ya Wazungu watupu kwa 72 dhidi ya 65. Kumbukumbu hiyo ina haki yake. Lakini fainali ile ilikuwa ya kuonyesha nani ni bora. Mchezo wa East Lansing ulitangulia na swali la msingi zaidi, la nani anaruhusiwa kukutana na nani.

Harkness na Gold walikuja kuwa marafiki. Gold alipofariki mwaka 2011, Harkness alisafiri hadi Kentucky kumzika, akaikuta picha ya wao wawili wakipeana mkono imewekwa karibu na jeneza. Mwaka 2013, wachezaji wa Loyola waliokuwa hai walikaribishwa Ikulu na Rais Barack Obama. Harkness mwenyewe alifariki Agosti 2021.

Kwa miaka kadhaa, viongozi wa Mississippi waliweza kuchagua wapinzani wa vijana wao, wakaita hali hiyo utaratibu. Ngazi za mwisho za mashindano ya taifa ziliwanyima uchaguzi huo: ama kukutana na aliyeshinda, ama kubaki nyumbani na ubingwa usio na pa kwenda. Mara tatu walibaki nyumbani. Mara ya nne walikwenda, wakashindwa kwa pointi kumi, na safari hiyo ndiyo inayokumbukwa.